Ekee Iliyoegemea Upande

Jumatatu, 19 Mei 2025

Mwalimu hatuachi hata tupumue! Wiki jana ilikuwa sanamu ya kufukuza ndege. Koti la mume wangu, Nyagaka, liliondoka hapa asubuhi na mpaka leo halijarudi. Jana kanisani, kwa ile baridi, alijikunyata na shati tupu, ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niko gredi ya tano.

Leo ujumbe mwingine kwa group ya wazazi. Madam Chepkosgei. Kila mtoto alete kitu kilichosukwa, atumie vitu vya kupatikana nyumbani, Ijumaa kiwe mezani kwake. Mtoto afanye mwenyewe, mzazi asimamie tu. Hapo kwa "asimamie tu" wazazi walicheka wakajaza group. Baba Phelix — Gordon, yule fundi wa mitambo kiwandani — alituma sauti: sasa nani ako Grade Five, ni mimi ama ni Phelix? Mniambie mapema nishonewe uniform.

Mimi sikucheka sana. Niliusoma ule ujumbe tena hapo kibandani kwangu Kapsoit, mboga za managu mkononi, mteja ananingoja. Kusuka! Mwalimu angeomba hesabu ningenyamaza. Angeomba Kiingereza ningejificha nyuma ya gunia la vitunguu. Lakini kusuka ni kwangu. Nilifundishwa na mama kabla sijajua kuandika jina langu.

Esnah ndiye hana habari. Ametupa mkoba, amekimbilia wenzake, Kipsigis cha huku tupu kinywani. Nimemwita nikamwambia tutasuka ekee, kile kikapu cha kwetu Kisii cha kuwekea ugali wa wimbi, hakuna mwingine darasani atakuwa nayo. Akasema sawa. Sawa tu! Na jina la nyanyake, mama yangu, ndilo amebeba.

Jumatano, 21 Mei

Mabua ya wimbi yamefika. Bilhah jirani aliletewa na kakake kutoka nyumbani, akanigawia. Kamba za mgomba ninazo. Sindano ya gunia ninayo.

Tulikaa mlangoni, mimi na Esnah, bega kwa bega. Nikamwonyesha — shika fungu la mabua hivi, zungusha kamba, choma, vuta, endelea kuzunguka. Rahisi. Lakini huyu mtoto anashika sindano na mkono wa kushoto! Nikamwambia yale yale ninayomwambia kila siku akila: Esnah, mkono wa kulia. Akabadilisha. Nikageuka kuangalia sufuria, nikirudi sindano iko kushoto. Nikamwambia tena. Mwisho akasema, mama wacha, najua.

Hajui. Ekee yake iko pale dirishani. Imeegemea upande kama kofia ya mlevi. Duru moja nene, nyingine nyembamba, ukingo haujafungwa vizuri, mabua yanachungulia. Yeye anaizunguka akiimba. Aliweka ndizi ndani ajaribu, ikapinduka na ndizi yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi mikono inaniwasha.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ya mawe. Soko hakuna leo. Huko ng'ambo majani ya chai yametobolewa kama chujio, na wakati ule nilipokuwa nikichuna siku kama hii ilikuwa ya kulia. Sasa inalia mashine. Sisi mashine ilitutoa shambani, nikaenda kuuza mboga.

Nyagaka kazini, Esnah shuleni, mimi na mabua yaliyobaki. Nikasema nijaribu kidogo tu, nione kama vidole bado vinakumbuka.

Vinakumbuka! Nilianza na kile kitufe cha katikati, kigumu kama kifungo cha koti, halafu duru juu ya duru. Sikusikia mvua ikiisha. Sikupika mchana. Chai ilipoa kando yangu na sikuigusa. Nilipofunga ukingo niliigonga na kucha ikatoa sauti, ile ile ekee za mama zilikuwa zikitoa. Nikasimama peke yangu katikati ya nyumba nikapiga makofi. Mtu mzima!

Nimeiweka dirishani kando ya ile ya Esnah. Heri nisingeziweka pamoja.

Ijumaa, 23 Mei

Nimempa yangu.

Aliuliza, na yangu mama? Nikamwambia yako bado haijakaa vizuri, itaanguka njiani, peleka hii kwanza. Aliitazama. Aliipokea. Akaenda, halafu akarudi mbio kuchukua chupa ya maji, akaenda tena. Hakuniaga.

Kuni zilikuwa zimelowa. Moto ulikataa kabisa, na Nyagaka anataka chai kabla ya zamu. Ile ya Esnah nikaitia motoni, mara alipotoka tu. Basi. Ilishika mara moja, mabua makavu yale. Chai ilichemka vizuri.

Jumatatu, 26 Mei

EE! Esnah amepata EE! Maana yake mtoto amepita hata kile walichotarajia. Madam ameweka picha kwa group. Ekee yangu juu ya meza ya mwalimu, nyuma yake ubao, na chini ameandika: kazi safi sana, Esnah Nyagaka, hongera pia kwa mzazi kwa kumsimamia.

Kwa kumsimamia!

Siku nzima nimeshinda na ile picha. Nafunga simu, nafungua. Mama mmoja nimempimia managu nikasahau kuchukua pesa, ikabidi anikumbushe mwenyewe. Nilipokuwa shule sikuwahi kupewa alama ya kutajwa mbele ya watu. Nilikuwa wa kukaa nyuma, wa kutumwa maji ya mwalimu. Darasa la saba nikaachia hapo. Sasa niko na haya makunyanzi, na kuna mwalimu ameandika kazi yangu ni safi sana. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya! Kama kuna dhambi ndani yake leo sikuionja.

Nyagaka alipoonyeshwa akasema, hii si ni kama ya mama mkwe? Hakuniuliza zaidi, naye anaijua mikono yangu.

Baba Phelix alipita kibandani jioni kununua nyanya. Akasema Phelix alisuka begi la waya na sisal, yeye baba alikataa kabisa kumsaidia, mtoto akafanya mpaka vidole vikachubuka, na amepewa AE, yaani bado anakaribia. Akacheka. Halafu akaniambia, "Lakini Mama Esnah, hiyo ya kwenu, wacha tu. Hiyo kidole si ya mtoto." Nikamwongeza nyanya moja juu. Sijui kwa nini nilimwongeza.

Esnah amekula kimya. Kabla ya kulala aliuliza ekee yake iko wapi. Nikasema ipo, nimeiweka. Akaitikia tu.

Jumatano, 28 Mei

Nimeitwa shuleni! Simu ilikuja nikiwa nafungua kibanda. Madam anasema Mama Esnah upite, si mbaya. Mwalimu akisema si mbaya huwa ni mbaya. Nilipanda ule mlima katikati ya chai nikipanga maneno. Nitasema mtoto alikuwa mgonjwa. Nitasema nilimalizia tu ukingo.

Shule ilikuwa kimya kuliko zamani. Kambi za wafanyakazi zimepungua watu, na wenye uwezo wanapeleka watoto kwa akademi, basi la manjano linawachukua mpaka mlangoni. Darasa moja sasa linawekwa mahindi ya chakula cha mchana.

Madam Chepkosgei alinikaribisha kwa kiti. Ekee yangu ilikuwa kabatini nyuma ya kioo, kando ya kikombe cha riadha. Akasema imechaguliwa kwenda maonyesho huko Kericho mjini, shule zote za huku zinakuja. Mwalimu mkuu amefurahi, anataka wazazi waone shule ya serikali bado ina kitu. "Mama Esnah, hii kikabu ni kararan kabisa," akasema, p kwake hutoka b, na kararan kwao ni nzuri sana, hata mimi najua. "Nyinyi watu wa Kisii mumebewa mikono." Halafu, akitabasamu: mtoto atakaa mbele ya majaji na asuke wakimwona. Ndiyo masharti. Mzazi haruhusiwi kuingia.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Angenikasirikia kidogo, tungecheka, angempeleka Phelix na begi lake la waya. Lakini aliichukua ekee kabatini akaigonga na kucha kama vile mimi niligonga, akasikiliza sauti yake. Nikasema asante mwalimu.

Nilishuka mlima nikijitukana. Siogopi mwalimu. Nataka iende Kericho! Hiyo ndiyo shida, na hapa hakuna wa kunisoma, kwa hivyo naandika: nataka watu wa Kericho waigonge na kucha.

Jumamosi, 31 Mei

Leo tumejifunza na tumegombana.

Bega kwa bega tena mlangoni. Nilimwambia sasa si mchezo, utakaa mbele ya watu. Mkono wa kulia, Esnah! Anajaribu, sindano inateleza, kamba inalegea. Nikimwachia kushoto anachoma kwa nguvu lakini anapotea njia, haoni mimi naelekea wapi na yeye anaelekea wapi. Nikamshika vidole nikavisukuma. Akajichoma. Damu kidogo tu. Akatupa mabua yote uani.

Akasema, suka wewe, ni yako.

Nilipaza sauti mpaka Bilhah akatoka nje. Nilimwambia Esnah hana shukrani, watoto wengine wangelia kupata nafasi hii, nyanyake alilisha nyumba nzima na mikono. Yeye alinitazama tu. Ana macho ya mama yangu, yale ya kumngoja mtu amalize upuzi wake.

Mabua niliyaokota mwenyewe. Mengine yamelowa.

Jumapili, 1 Juni

Sikutulia kanisani. Mhubiri akihubiri mimi nasuka kichwani, duru juu ya duru, nikitafuta namna ya kumfundisha.

Tulipotoka niliishusha ekee ya mama. Huwa iko juu ya kabati imefungwa kwa leso, haijatumika tangu tumzike. Nilitaka kumwonyesha Esnah kwamba yangu na ya nyanyake ni sawasawa, kwamba kazi hii inatembea kwa damu. Nikamwambia maneno hayo nikifungua leso.

Si sawasawa.

Nimeiangalia, nimeigeuza, nimeipeleka mlangoni kwa mwanga. Ya mama inazunguka kwenda upande mwingine! Ukianza katikati, mabua yake yanaenda kushoto. Yangu yanaenda kulia. Miaka yote hii nimesema nasuka kama mama. Nimeapa mbele ya watu nasuka kama mama.

Nikamwita Bilhah. Tulikua naye kijiji kimoja. Akanishangaa, akaniita kwa jina langu: "Phelis, haki hukujua? Mama yako alikuwa mashoto. Kusalimia watu na mkono wa kulia, ndiyo, lakini jembe na sindano, kushoto. Walimpiga akiwa mtoto mpaka wakachoka."

Nilikaa chini. Halafu ikanijia, si kwa kichwa, kwa magoti. Sikuwa nakaa kando ya mama. Kando yake alilala mtoto mchanga, kila mwaka kulikuwa na mtoto mchanga. Mimi nilikaa mbele yake, uso kwa uso, rundo la mabua katikati. Nilimwiga kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Kushoto kwake kukawa kulia kwangu, na hakuna aliyeniambia kitu, kwa sababu kulia ndiko kulikotakiwa.

Esnah alikuwa ameshika ile ekee ya nyanyake. Akapitisha kidole kwenye duru, taratibu, kutoka katikati. Akasema, yangu pia ilikuwa inaenda hivi.

Ilikuwa inaenda hivi. Ndiyo. Ile niliyotia motoni.

Sikula jioni. Nyagaka aliuliza ni nini, nikasema tumbo. Nimemwamuru huyu mtoto aache mkono wa nyanyake kila siku ya maisha yake, mezani, mlangoni, kila mahali, kisha naenda kanisani kushukuru kwamba jina limerudi. Nasikia aibu mpaka shingoni.

Jumanne, 3 Juni

Kaa mbele yangu, nikamwambia. Si kando. Mbele. Na ushike na huo huo wa kushoto.

Alinitazama kwanza kama mtego. Akavuta kigoda. Rundo la mabua katikati. Nikaanza polepole, sikusema kitu. Mimi naenda kulia, yeye anaenda kushoto. Nachoma, anachoma. Navuta, anavuta. Kamba yake ikakaza! Akaona mwenyewe. Akainua macho akanitazama bila kununa, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa.

Tulikaa hivyo mpaka mbuzi wa Bilhah akaja kula mabua tukamfukuza pamoja. Tulicheka.

Yake bado inaegemea. Si kama kofia ya mlevi tena, labda kama mtu anayesikiliza siri. Akiwa peke yake anapotea baada ya duru mbili tatu, lazima aone mikono ya mtu mbele. Ni kawaida, hata mimi nilichukua mvua nyingi kujua. Lakini Kericho ni wiki ijayo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeenda shuleni kusema ukweli. Nilivaa hata viatu vya kanisa.

Nilibeba ekee mpya ya Esnah, hii anayosuka mwenyewe, ukingo bado. Nikapanga: nitamwambia Madam tupeleke hii. Hii ndiyo ya mtoto. Hata ikiwa ya mwisho.

Madam aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza. Ni mtu mzuri, hakucheka. Akasema ah, hii ni ya mazoezi, sindiyo? Tutabeleka ile ingine, Mama Esnah, usijali. Nikasema ndiyo. Halafu akaniangalia muda, akashusha sauti: kuna kitu ulitaka kuniambia?

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Sikuhitaji hata kubisha! Na kabati lile likawa nyuma yake, kioo kimepanguswa, wamewekea ekee kikaratasi cha jina.

Hapana mwalimu, nikasema. Nilikuwa nauliza tu kama watoto watabeba chakula.

Watapewa, akasema.

Langoni nikakutana na Baba Phelix. Analeta misumari, anarekebisha dawati bure siku yake ya mapumziko. Akaona ile ekee mkononi mwangu, ile inayoegemea. Hakufanya mzaha leo. Akasema, "Hii sasa ni ya Esnah." Nikamwuliza umejuaje. Akasema, "Si unaona? Hii inajaribu."

Nina hasira naye. Hana kosa lolote, na nina hasira naye.

Jumapili, 8 Juni

Koti la Nyagaka limerudi! Ndege hawakuliogopa, wamelinyea mabega yote. Nimelifua mara mbili. Amelivaa hivyo hivyo kanisani likiwa na unyevu, akanong'ona kwamba projekti ijayo wakiomba mume nisimtoe.

Nilikaribia kumwambia, tukiwa tunarudi. Nilianza: unajua ile ekee. Akasema, najua. Nikamwuliza unajua nini. Akasema, najua wewe ni mama yake, utafanya kinachofaa. Akaongeza mwendo kwa sababu mvua ilianza.

Heri angenigombeza.

Jumatano, 11 Juni

Kesho.

Nimemsuka Esnah nywele mchana, shule imewaruhusu mapema. Alikaa chini katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu. Sweta imefuliwa. Viatu vimepakwa rangi. Mabua ya kesho yamefungwa kwa gazeti, nimeyachagua moja moja, hakuna lenye ufa.

Akauliza, nitakaa na nani?

Peke yako, nikasema. Kuna meza, kuna kiti, majaji watakuwa wamesimama.

Na nani atakaa mbele?

Hakuna mtu atakaa mbele, Esnah. Ndiyo masharti.

Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio, pale nywele ni laini. Halafu akasema, bila kugeuka, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi: "Mama, yangu niliiona kwa moto. Ile siku nilirudia chupa ya maji."

Nilishika kitana. Nilikishika tu. Kuku walikuwa wakipita mlangoni na nikawatazama kama sijawahi kuona kuku. Wiki zote hizi. Aliuliza iko wapi na alijua iko wapi. Alikaa mbele yangu akiiga mikono iliyomchomea kazi yake, na akanichekea kwa sababu ya mbuzi.

Nilitaka kusema nisamehe. Neno ni fupi na nalijua kwa lugha tatu. Nilichosema ni, kuni zilikuwa zimelowa.

Akasema, usivute sana hapo, inauma.

Nikalegeza. Nikamaliza mistari yote. Alienda kujiangalia kwenye kioo, akasema ni mzuri, na akaenda kucheza.

Nimekaa hapa na nywele zake kwenye kitana.

Alhamisi, 12 Juni

Kericho. Naandikia nje, kwenye benchi ya wazazi, chini ya dirisha la ukumbi. Nikisimamisha kalamu nitaingia au nitakimbia, moja ya hizo.

Watoto ni wengi kupita nilivyofikiri. Shule zote. Kuna wa kutoka mpaka upande wa Siongiroi, wamebeba vibuyu vya maziwa vyenye shanga, wametoka kwao giza. Wazazi tumezuiliwa huku nje kwa kamba. Baba Phelix amekuja pia, sijui kuona nini, mtoto wake hayumo. Amesema amekuja kumshangilia Esnah. Amekaa kando yangu na soda, hanywi.

Asubuhi langoni nilimshika Esnah mkono, ule wa kushoto. Nikamwambia usuke na huu. Akiuliza mtu, mwambie ni wa nyanya yako. Akasema sawa. Nilitaka kusema lile lingine. Mwalimu akawaita wapange mstari.

Sasa ni zamu yake. Naona vizuri kupitia dirisha nikisimama juu ya vidole. Ekee yangu iko katikati ya meza, imewekewa kitambaa cheupe. Jaji ameigonga na kucha! Mama mnene mwenye miwani. Amemwita mwenzake naye agonge. Wanatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nilingoja hili. Nimekuja mpaka hapa kwa ajili ya hili, na limepita hivi hivi.

Esnah amefungua gazeti. Ametoa mabua. Ameshika sindano na kushoto. Ameanza kile kitufe cha katikati — kizuri! Duru ya kwanza. Jaji wa miwani ameinama. Anaangalia mkono. Anaangalia ekee ya mezani. Ameiinua, ameizungusha, amepitisha kidole kutoka katikati kwenda nje. Anajua kusuka huyu. Ameviweka pamoja, cha mezani kinachoenda kulia na kile kidogo mkononi mwa mtoto kinachoenda kushoto.

Anamwuliza kitu. Sisikii.

Esnah amesimamisha sindano. Madam Chepkosgei amesogea, ameshika kifua. Jaji ameuliza tena, kwa upole, naona ni kwa upole.

Esnah ameshuka kitini. Mungu wangu, anaondoka. Hapana. Ameenda mpaka ukutani ambako wameweka viti vya akiba. Anavuta kimoja. Kinakwaruza sakafu, hiyo nimeisikia, watu wote wamegeuka. Amekivuta mpaka kwenye meza yake akakiweka upande wa pili, kikimtazama. Amegawa mabua, nusu kwake, nusu mbele ya kile kiti. Amerudi kukaa.

Sasa anamwambia jaji. Maneno machache. Ananyooshea dirisha kidole.

Jaji ametazama huku. Madam ametazama huku. Uso wa Madam nimeuona ukielewa, polepole, kama mtu anayesoma. Hajakasirika. Ingekuwa rahisi angekasirika. Ananipungia mkono niingie. Mtu wa kamba ameanza kusema wazazi hawaruhusiwi, naye amemnyamazisha.

Baba Phelix anasema, Mama Esnah, si unaitwa.

Nasikia. Nikikaa pale, ukumbi mzima utaona ile ya kitambaa cheupe ni ya nani. Nitarudisha EE yangu mbele ya Kericho nzima. Na shule nayo. Na kabati lile.

Nikibaki hapa, Esnah atasuka duru mbili tatu halafu apotee, mbele ya watu, akitazama kiti kitupu.

Hajaanza tena. Ameshika sindano juu, mkono wa kushoto, na hatazami jaji wala ekee wala Madam. Anatazama kile kiti.